Reli ya Katanga: Maswali Ambayo Watu Hurudia Kuuliza

Nimelelewa Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, katika nyumba ya mfanyakazi wa reli, na miaka yote napokea maswali yale yale. Wanafunzi huuliza wakiwa na kazi ya shule, vijana huuliza kwa sababu wanaruka njia ya reli kila asubuhi bila kujua inakoelekea, na wazee hubishana juu ya mwaka fulani hadi chai inapoa. Nimeyakusanya hapa. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha elezwa, nimeandika namba ya swali la kurudia.

## Mwanzo wa mambo

1. Treni ya kwanza ilifika Lubumbashi lini?

Tarehe 27 Septemba 1910. Ilitoka kusini ikapitia Sakania, mpakani, ambako reli ilikuwa imefika Desemba 1909. Kutoka Sakania hadi hapa ni km 255 hivi, na zilitandikwa katika muda usiotimia miezi kumi. Wakati huo mji uliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia Elisabeth, mke wa mfalme Albert I wa Ubelgiji.

Wanaopenda tarehe watafurahia hili: 27 Septemba ndiyo siku ambayo reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa Uingereza mwaka 1825 (swali la 3). Ni miaka 85 kamili. Imetokea tu, hakuna aliyepanga, lakini mwanafunzi akiambiwa hivyo hasahau tena hata moja ya tarehe hizo mbili.

2. Mbona reli ilitoka kusini kwa Waingereza, na nchi ilikuwa ya Wabelgiji?

Kwa sababu kusini ndiko reli ilikokuwa karibu. Njia iliyoanzia Cape Town ilikuwa inapanda kaskazini mwaka hadi mwaka: daraja la maporomoko ya Victoria lilifunguliwa 1905, na mwaka 1906 reli ikafika Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe, Zambia. Upande wa magharibi wa Kongo, reli iliyoanzia bandari ya Matadi, iliyomalizika 1898, iliishia Kinshasa. Ukitoka Kinshasa kuja Katanga ulikuwa unapanda mito, unakuta maporomoko, unashuka, unabebewa mizigo kichwani, unapanda tena.

Shaba yenyewe ilikuwa inajulikana. Babu zetu waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi, na mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet aliandika juu ya utajiri wa mawe ya huku. Lakini shaba ni nzito, na haina faida mahali ambapo haiwezi kuondoka. Mskoti mmoja, Robert Williams, mshirika wa Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza aliyeota reli ya kutoka Cape Town hadi Kairo, aliliona hilo mapema. Mwaka 1902 kampuni ya reli ya Katanga, CFK, iliundwa kwa mapatano kati yake na serikali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo wakati huo. Mwaka 1906 zikafuata kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, na kampuni ya reli ya BCK (Bas-Congo hadi Katanga), ambayo wazee wetu bado wanaitaja kama jina la mtu wa familia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Reli ilihitajika kuingiza kabla ya kutoa. Tanuru la Lubumbashi lilimwaga shaba ya kwanza mwaka 1911, na makaa yaliyolilisha yalitoka Wankie, leo Hwange nchini Zimbabwe, kwa njia hii hii ya kusini. Bila treni ya makaa, ile shimini ndefu unayoiona hadi leo isingetoa moshi hata siku moja.

3. Na treni yenyewe ilianzia wapi duniani?

Uingereza, na ilianzia migodini, jambo ambalo sisi wa Katanga tunalielewa bila kufafanuliwa. Magari yaliyovutwa na farasi juu ya reli za mbao na chuma yalikuwapo zamani. Tarehe 21 Februari 1804 Richard Trevithick aliendesha mashine ya mvuke juu ya reli huko Penydarren, Wales, ikivuta chuma na watu. Reli zenyewe zilivunjikavunjika kwa uzito wake. Mwaka 1825 ikaja reli ya Stockton na Darlington, iliyojengwa hasa kwa ajili ya makaa ya mawe, na mwaka 1830 ile ya Liverpool na Manchester, ya kwanza kuunganisha miji mikubwa miwili kwa treni za mvuke zenye ratiba.

4. Afrika ilipata reli ya kwanza wapi?

Misri. Kipande cha kwanza cha njia ya Alexandria kwenda Kairo kilifunguliwa 1854, na njia nzima ikafika Kairo 1856. Ni kabla Marekani haijaunganisha bahari zake mbili kwa reli, jambo lililotimia 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah. Kwa Afrika Mashariki, reli ya Mombasa ilianza 1896 na kufika ziwa Victoria 1901.

5. Ni kweli mji ulizaliwa na treni?

Mzee mmoja wa kwetu alikuwa akisema: "Hii muji, treni njo ilizala." Nadhani alikuwa sahihi. Palikuwa na watu hapa kabla ya wazungu, na palikuwa na machimbo ya Kalukuluku, yaliyoitwa baadaye Étoile. Lakini mji wenye barabara zilizonyooka, uliopimwa na Émile Wangermée mwaka 1910, uliwekwa pale kwa kufuata mahali reli itakapopita na tanuru litakapokaa. Chukua ramani uangalie: upande mmoja wa reli katikati ya mji, upande wa pili Kamalondo, mtaa wa zamani waliopewa Waafrika. Ile njia ya chuma ilileta mji na pia iliugawa.

Hata lugha ilisafiri juu yake. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo). Baadaye wakaja watu wa Lomami, Maniema, Kasai, Ruanda na Urundi, kila mmoja na lugha yake mdomoni, na Kiswahili kikawa cha kukutania kambini na kazini. Kiswahili chetu cha Lubumbashi, chenye "njo" na "muji", kilipikwa katika chungu hicho.

## Njia zilivyotandazwa

6. Kwa nini ilichukua miaka minane kufika Bukama?

Reli ilifika Kambove 1913, na Bukama, juu ya mto Lualaba, mwaka 1918. Katikati palikuwa na milima ya Mitumba na Vita Kuu ya kwanza. Ubelgiji ilikuwa imevamiwa na Wajerumani, na chuma cha reli hakikupatikana kirahisi.

Bukama ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu kuanzia pale Lualaba unapitika kwa meli. Kampuni nyingine, CFL, yaani reli ya Kongo ya juu hadi Maziwa Makuu, ilikuwa imekwisha jenga vipande vya reli kukwepa maporomoko: Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani hadi Ubundu, 1906, halafu Kindu hadi Kongolo, halafu Kabalo hadi ziwa Tanganyika, 1915. Kwa hiyo tangu 1918 mtu aliweza kutoka Cape Town akafika Kisangani kwa treni, meli, treni, meli, treni.

7. "Njia ya taifa" ni ipi?

Ni njia ya kupeleka shaba Matadi bila kutoka nje ya Kongo. Treni huenda kutoka Katanga hadi Ilebo, zamani Port-Francqui, kwenye mto Kasai. Pale mzigo hupakuliwa na kuwekwa kwenye meli za mizigo hadi Kinshasa. Kinshasa unapakuliwa tena na kuwekwa kwenye treni ya km 366 hadi Matadi.

Kipande cha Bukama hadi Ilebo, km 1,123, kilijengwa kati ya 1923 na 1928, na mfalme Albert I alikuja mwenyewe kukifungua Julai 1928. Kilikuwa kipande cha siasa kuliko cha biashara. Wabelgiji walichoka kuona shaba yao ikilipa ushuru na nauli kwa Waingereza. Lakini fikiria mkono wa mpakuzi wa Ilebo: kila kipande cha shaba kinashikwa mara mbili njiani kabla hakijaona bahari. Kusini kingeweza kubaki ndani ya wagoni ile ile hadi bandarini.

8. Na Lobito inaingiaje?

Lobito ni bandari ya Angola kwenye bahari ya Atlantiki, na kwa kipimo cha ramani ndiyo njia fupi ya kutoka Katanga kwenda Ulaya. Ni yule yule Robert Williams aliyepata haki ya kuijenga mwaka 1902, kwa miaka 99. Kazi ilianza 1903 pwani. Reli ya Benguela, km 1,344, ilifika mpakani Luau mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaunganishwa na kipande cha Kongo kutoka Dilolo kupitia Kolwezi hadi Tenke, ambako inakutana na njia yetu ya Lubumbashi.

Treni za Benguela zilichoma kuni kwa miaka mingi. Kampuni ilipanda misitu ya mikaratusi kando ya njia ili mashine zipate kula zikiwa safarini, na mabaki ya misitu hiyo bado yamesimama.

Hadithi ya kufungwa kwake iko swali la 13.

9. Kwa nini reli yetu ni nyembamba kuliko ya Ulaya?

Upana wa reli hupimwa kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi ukingo wa ndani wa chuma cha pili. Ulaya sehemu kubwa ni mm 1,435. Yetu ni mm 1,067, kipimo kilichoshika Afrika Kusini kwa sababu reli nyembamba huzunguka milima kwa kona kali zaidi na gharama ndogo. Kwa kuwa njia yetu ilizaliwa na ile ya kusini, ilirithi upana wake, na ndiyo maana wagoni moja inaweza kutoka Kolwezi hadi Durban au Dar es Salaam bila kubadilishwa magurudumu.

Lakini ndani ya Kongo kwenyewe kila kampuni ilijenga kwa kipimo chake. Reli ya CFL ilikuwa ya mm 1,000. Tofauti ya mm 67 ni kama upana wa kiganja kimoja cha mtoto, na ilitosha kuzuia treni kwa miaka arobaini. Mwaka 1955 CFL ilipanuliwa hadi mm 1,067, na 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikafunguliwa. Hapo ndipo treni moja ilipoweza kutoka Lubumbashi hadi Kalemie au Kindu. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu hakikupanuliwa.

10. Nimesikia kwamba meli za vita zilipita Lubumbashi kwa treni. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ni tukio la ajabu kuliko yote katika historia ya reli hii.

Mwaka 1915 Wajerumani walitawala ziwa Tanganyika kwa meli zao. Walikuwa na faida moja kubwa: reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kabla tu ya vita, na kwa reli hiyo waliweza kuleta meli vipande vipande. Waingereza waliamua kupeleka boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilitoka London kwa meli Juni 1915, zikapakiwa kwenye treni Cape Town, na mwisho wa Julai zikafika Élisabethville. Waza watu wa mji wakitazama boti juu ya wagoni, mji ukiwa mbali na kila bahari.

Treni ilizifikisha Fungurume mwanzoni mwa Agosti, na pale reli ikaisha (swali la 6). Mbele palikuwa na Mitumba. Boti ziliwekwa juu ya magari ya kukokotwa, zikavutwa na trekta mbili za mvuke, ng'ombe, na mamia ya watu wa vijiji waliofyeka njia na kujenga madaraja ya miti. Palipokosekana maji ya kulisha trekta, yalibebwa kichwani kwa vyungu. Trekta iliposhindwa mlima, watu walishika kamba.

Mwisho wa Septemba zilifika Sankisia, ambako kipande kifupi cha reli kilizipeleka Bukama. Zikashuka Lualaba, mara nyingine zikikwama kwenye mchanga, hadi Kabalo. Pale zikapanda treni ya CFL, na mwisho wa Oktoba zikafika ziwani, Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikuzamishwa na boti hizo. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wanaacha Kigoma, baada ya kupaka injini mafuta mazito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaiita Liemba, na imeendelea kubeba abiria wa ziwa hilo hadi karne hii.

Majina ya kamanda na boti yamehifadhiwa. Ya wale wabeba maji, hapana.

## Umeme, uhuru na majina mapya

11. Treni za umeme zilianza lini Katanga?

Mwaka 1952, kati ya Jadotville, sasa Likasi, na Tenke. Hapa tuna haki ya kujivunia. Reli nyingi za umeme za wakati ule zilihitaji umeme wa aina yao peke yao. BCK ilichukua umeme wa kawaida wa viwandani, wa hertz 50, na kuupeleka moja kwa moja kwenye waya juu ya treni. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza majaribio yake ya mfumo huo, na Katanga ikawa kati ya sehemu za kwanza duniani kuutumia kwa kazi nzito.

Sababu ilikuwa mito. Mitambo ya Mwadingusha (1930) na Koni (1950) kwenye mto Lufira, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na umeme ulipita karibu na reli. Makaa ya Wankie yalilipiwa kwa fedha za kigeni. Maji ya Lufira yalishuka yenyewe. Baadaye waya zilienea karibu km 860.

12. BCK, KDL, SNCZ, Sizarail, SNCC: ni kampuni tano au moja?

Ni reli moja iliyobadilishwa mashati. BCK ndiyo jina la enzi ya Wabelgiji. Kuanzia 1952 likaja KDL, yaani Katanga, Dilolo, Léopoldville. Mwaka 1974, wakati wa Zaire, KDL, CFL na nyingine ziliunganishwa zikawa SNCZ, kampuni ya reli ya taifa, makao makuu Lubumbashi. Mwaka 1995 uendeshaji ulipewa Sizarail, yenye mtaji wa Wabelgiji na wa Afrika Kusini. Mwaka 1997, baada ya utawala kubadilika, ikarudi serikalini kwa jina la SNCC.

Ukiwa na karatasi ya mzee wako yenye moja ya majina hayo, jina peke yake linakupa miaka.

13. Kwa nini njia ya Lobito ilifungwa, na ilifunguliwa lini?

Mwaka 1973 mpaka kati ya Zambia na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulifungwa, na shaba ya Zambia nayo ikageukia Lobito. Njia ikajaa. Miaka miwili baadaye, Agosti 1975, vita vya Angola vikaikata. Madaraja yalilipuliwa, reli ikategwa mabomu, na kwa karibu miaka arobaini Dilolo ikawa mwisho wa njia. Zaire ikarudi kwenye njia ya taifa na njia ya kusini.

Vita viliisha 2002. Wachina waliijenga upya reli ya Benguela, kazi ikamalizika 2014, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua. Mwaka 2018 madini ya Kongo yakaanza kupita tena. Mwaka 2022 Angola iliipa kampuni ya Lobito Atlantic Railway haki ya kuiendesha kwa miaka 30, na Desemba 2024 rais Joe Biden wa Marekani alifika Lobito kwa sababu ya njia hii.

Watu huniuliza kama huu ni mwanzo mpya. Ninachoona ni kwamba upande wa Angola reli ni mpya, na upande wetu, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, treni bado inatembea polepole juu ya njia ya wazee. Mkufu unashikwa na pete yake dhaifu, na pete hiyo iko kwetu.

14. TAZARA inatuhusu nini?

Sana. TAZARA, km 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Tanzania na Zambia kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia 1970, ikakabidhiwa Julai 1976. Ilijengwa ili Zambia isitegemee reli zilizopita katika nchi za utawala wa ubaguzi. Upana wake ni wetu (swali la 9), kwa hiyo mzigo unaotoka Lubumbashi kupitia Sakania na Ndola unaweza kufika bahari ya Hindi kwa reli tupu.

## Yanayouma

15. Nani hasa aliijenga?

Mikataba ilikuwa ya kampuni, na kazi ya kutandika kutoka Rhodesia hadi hapa ilisimamiwa na kampuni ya George Pauling. Lakini waliobeba vyuma walikuwa watu weusi, wengi wakiwa wameandikishwa kwa mbinu ambazo hazikuwa mbali na kukamatwa. Chifu aliambiwa atoe idadi fulani ya wanaume, akatoa. Waliugua malaria, kuhara na mapafu.

Kwa reli ya Matadi na Kinshasa hesabu rasmi ya vifo ni watu 1,932, kati yao wazungu 132. Hao ndio waliohesabiwa.

Reli ya zamani ilisimama juu ya mataruma ya chuma, ambayo mafundi wetu huyaita "traverse". Moja hubebwa na wanaume wawili wenye nguvu, na kila kilomita inahitaji zaidi ya elfu moja. Chukua kalamu upige hesabu ya km 1,123 za kwenda Ilebo.

16. Kwa nini wazee wengine hawapendi kuzungumzia stesheni na miaka ya 1992 na 1993?

Kwa sababu miaka hiyo familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na stesheni ndizo zilizokuwa kambi zao. Likasi tangu 1992, halafu Kolwezi 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walilala sakafuni na nje, na masufuria na magodoro yao, wakingoja treni ambazo zilikuwa chache. Watoto na wazee wengi walikufa kwa kuhara, surua na njaa, pale stesheni na ndani ya mabehewa njiani. Wengi wao walizaliwa Katanga. Babu zao waliletwa na treni hiyo hiyo kufanya kazi ya reli na ya mgodi.

Ukimwuliza mzee akanyamaza, mwache anyamaze.

17. Mbona ajali zetu huua watu wengi hivi?

Kwa sababu treni zetu za mizigo hubeba watu. Barabara ni mbaya, treni ya abiria haiji, mama ana magunia ya mahindi, na wagoni ya mizigo inapita. Anapanda juu. Agosti 2007 huko Benaleka, Kasai, breki zilishindwa na watu wapatao mia moja wakafa. Aprili 2014, karibu na Kamina, walikufa watu wasiopungua 48. Machi 2022, Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo iliacha reli na mabehewa yakaanguka korongoni; walikufa watu wapatao 75. Kwenye karatasi, treni ile haikuwa na abiria.

Sababu nyingine ni umri wa njia. Nikiwa mtoto nilimfuata babu mara moja stesheni usiku. Alikuwa na taa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine kabla treni haijaondoka. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, nawe unasimamisha wagoni hiyo hata kama mkuu wa stesheni anapiga kelele. Aligonga treni nzima hivyo, na nilihesabu kengele hadi nikasinzia. Kazi hiyo inahitaji watu wanaolipwa na wanaoheshimiwa, na inahitaji muda.

## Maswali ya pembeni

18. Goma na Bukavu zina reli?

Hapana. Kivu iliwahi kuwa na reli moja fupi, CEFAKI, kutoka bandari ya Kalundu karibu na Uvira kupitia bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Kutoka hapo mzigo ulipanda Bukavu kwa barabara. Ilifungwa 1958. Mtu wa Bukavu anayetaka treni leo hushuka hadi ziwa Tanganyika, na meli hadi Kalemie.

19. Reli ya Cape hadi Kairo ilikamilika?

Haikukamilika. Rhodes alikufa 1902 reli ikiwa bado haijavuka Zambezi. Ndoto yake ilitaka reli ipite katika ardhi ya Waingereza tupu. Kwa sababu ya shaba, njia iliyotoka Cape ikaingia Kongo, na hadi Kairo haikufika.

20. Tuseme treni au gari la moshi?

Yote ni Kiswahili. Kwetu ni treni, na stesheni tunaiita gare. Tanzania na Kenya utasikia pia garimoshi. Watoto hucheka, wakisema treni ya umeme haina moshi, lakini neno limebaki kama mtu anayeitwa Kijana hadi uzeeni.

21. Nimekuta vitu vya babu yangu wa reli, au kipande cha reli uani. Nifanye nini?

Usiuze kama chuma chakavu, na usiondoe kitu kwenye njia inayotumika. Bulonge (bolti) moja ikikosekana inaweza kuua (swali la 17). Vitabu vya kazi, vyeti na picha viweke mahali pakavu, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina, mahali na mwaka wakati wanaokumbuka wangali hai.

Kama una kipande cha reli, tafuta ubavuni mwake, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Viwanda vilivyotengeneza reli viliandika pale kwa herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, mwaka, wakati mwingine hata mwezi kwa mistari midogo. Kutu huzificha. Sugua kwa brashi ya waya bila kutumia nguvu nyingi, kisha paka chokaa ya ubaoni juu yake na ufute kwa kiganja. Chokaa hubaki kwenye herufi. Fanya asubuhi, jua likiwa linapiga kwa upande, upige picha kabla mtu hajakanyaga.